Wayahudi wa Kilima cha Nabugoye

Nimeadimika, najua. Bumu lilichelewa, majaribio yakaja matatu wiki moja, na mtu mwenye njaa haandiki vizuri. Leo siongelei foleni ya maji bwenini wala wali wa kantini. Leo ni historia, somo langu mwenyewe, kwa hiyo wale wa hesabu mnivumilie.

Juzi kwenye semina tulikuwa na mada ya namna Waafrika walivyoupokea Ukristo wa wamisionari. Mwenzetu akawataja Bamalaki wa Uganda, wale waliokataa dawa za hospitali kwa sababu ya Biblia. Nikanyoosha mkono nikasema kutoka kwa Bamalaki hao walizaliwa Wayahudi, na mpaka leo wapo, karibu na Mbale, wanaitwa Abayudaya. Darasa likacheka. Jamaa mmoja wa nyuma akasema, "Hao Wayahudi feki." Muda ukaisha, tukatoka, kila mtu na njaa yake. Mimi nikatoka na donge. Sasa nalitoa hapa, maana hapa hakuna wa kuniambia muda umeisha.

Kwanza niseme kwamba hata kwetu Rungwe Mpya, kule Kasulu, habari hii haieleweki kirahisi. Nilipoisimulia likizo iliyopita, kwamba kuna watu Uganda hawafanyi kazi Jumamosi na hawagusi nguruwe, shangazi alinijibu bila hata kuacha kupepeta maharage: "Si Wasabato hao?" Na ana haki yake. Kwetu Wasabato ni watu wa siku nyingi, hospitali ya Heri ni yao, na mtu akitunza Jumamosi basi ni Msabato, habari imekwisha. Lakini Wasabato ni Wakristo. Hawa wa Mbale hawamtaji Yesu kwenye sala zao. Walimtaja zamani, halafu wakaacha, na kuacha kwenyewe ndiko kunakonivutia.

Ukitafuta Wayahudi katika vitabu vyetu vya Afrika Mashariki, kwanza utakutana na kitu kinaitwa Mpango wa Uganda. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwaahidi Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa kule Urusi kipande cha ardhi huku kwetu. Theodor Herzl akaupeleka mpango huo kwenye mkutano wa Basel, Agosti 1903, watu wakagombana, wengine wakalia. Ardhi yenyewe haikuwa Uganda ya leo, ilikuwa Uasin Gishu, Kenya. Wakatumwa watu kuja kuiangalia, na mwaka 1905 mkutano ukaukataa mpango. Wamasai na Wanandi hawakuulizwa na mtu yeyote, wala hiyo si ajabu kwa miaka ile. Wayahudi wachache walikuja hata hivyo, wakaanzisha jumuiya yao Nairobi mwaka 1904, na sinagogi lao lipo hadi leo katikati ya mji. Ni jumuiya yenye historia ndefu, lakini ilikuwa ya wageni walioleta dini yao wakiwa nayo tayari.

Sasa angalia mzaha wa historia. Mpango wa kuwaleta Wayahudi Uganda ukafa mwaka 1905. Miaka 14 baadaye, Waganda wenyewe wakawa Wayahudi, na hakuna aliyewatuma.

Mtu wa kwanza ni Semei Kakungulu. Huyu alikuwa jemadari, mtu wa bunduki na wa Biblia. Alizaliwa miaka ya 1860 mwishoni, akakua katika Buganda ile ya vita vya dini, akawa Mprotestanti. Alipigana upande wa Waingereza, na majeshi yake yalikuwepo Lango mwaka 1899 Kabalega na Mwanga walipokamatwa. Aliwatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda, na mji wa Mbale ni yeye aliyeuanzisha. Alitegemea apewe ufalme wa nchi ile. Hakupewa. Waingereza walimtumia, kisha wakampunguza kidogo kidogo, cheo hiki wakampa, kile wakanyang'anya. Ukisoma maisha yake unaona kabisa mtu anayesogea mbali na wakubwa wake, hatua moja moja, akiwa ameshika kitabu kilekile walichompa wao.

Maana kitabu kilikuwepo. Biblia nzima kwa Kiganda ilitoka mwaka 1896. Hapa sisi wa ualimu tusimame kidogo. Tunafundishwa kwamba mwanafunzi akishajua kusoma huwezi tena kumchagulia atakachokielewa. Wamisionari walitaka Kakungulu asome Injili. Yeye akasoma na vile vitabu vitano vya mwanzo, akaanza kuuliza: kama Mungu alisema siku ya saba ni Jumamosi, nani aliibadilisha? Kama aliamuru tohara, nani aliifuta? Akaingia kwa Bamalaki, ambao tayari walikuwa wanatunza Jumamosi. Kisha akawapita na wao. Simulizi ya Abayudaya inasema alipotaka watu watahiriwe, Bamalaki wakamwambia hapana, hiyo ni kazi ya Wayahudi. Akajibu, basi sisi ni Wayahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akajitenga na watu wake kule Gangama, chini ya Mlima Elgon. Jina walilojiita, Abayudaya, ni Kiganda tu cha kusema Wayahudi.

Yule jamaa wa semina angesema hapo: unaona, hasira za siasa! Sikatai kwamba hasira ilikuwepo. Lakini hasira inamfanya mtu avunje, au ahame, au anywe pombe. Sijaona hasira inayomfanya mwanamume mzima, jemadari, aende akatahiriwe ukubwani halafu aanze kujifunza kalenda upya.

Mwanzoni Uyahudi wao ulikuwa nusunusu. Walikuwa bado wanabatiza. Mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja wa kutoka nje, wao wanamkumbuka kwa jina la Yusufu, akakaa nao kama miezi sita. Akawaonyesha kuchinja kwa sheria ya Kiyahudi, kuhesabu sikukuu, kipi kinaliwa na kipi hakiliwi. Ubatizo ukaachwa. Kakungulu hakutaka elimu ile iondoke na mgeni, akafungua mahali pa kusomea ambapo vijana walifundishwa Torati na wakatoka kuwafundisha wengine. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda.

Kwa hiyo mwanzoni kabisa, kabla hapajawa na jengo la kupendeza, palikuwa na darasa. Hili nalisema kwa makusudi, kwa sababu sisi tukisikia sinagogi tunafikiri ni kanisa la Wayahudi, mtu anaingia, anasali, anatoka. Sinagogi ni neno la Kigiriki, maana yake kukusanyika, na Kiebrania nacho kinaiita nyumba ya kukusanyikia. Pembeni yake huwa kuna nyumba ya kusomea, ambayo jina lake lina neno midrash. Wapenzi wa Kiswahili mmesikia kitu? Midrash, madrasa, darasa: hayo ni maneno ya ukoo mmoja. Tunakaa darasani kila siku bila kujua tumekaa na ndugu wa mbali.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Kundi likapungua, wengine wakarudi kanisani, waliobaki wakashikilia. Hawakuwa na rabi. Hawakujulikana sana na Wayahudi wa dunia. Walikuwa wakulima wa ndizi, kahawa na mihogo, ndugu zao wa damu walikuwa Wakristo na Waislamu wa kijiji kilekile, na Jumamosi walivua viatu mlangoni wakaingia kusali. Miaka 40 hivyo. Mimi naona ndiyo sehemu kubwa kuliko zote ya habari hii, na ndiyo ambayo vitabu vinaipita haraka.

Halafu Amin. Alichukua nchi Januari 1971, akiwa rafiki wa Israeli, maana Waisraeli walikuwa wakilisaidia jeshi la Uganda. Mwaka 1972 akageuka, akawafukuza. Ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa na mengine yakaharibiwa. Baada ya uvamizi wa Entebbe, Julai 1976, fikiria mwenyewe kuitwa Myahudi ndani ya Uganda kulikuwa na ladha gani. Wengi wakaingia Uislamu au Ukristo. Waliobaki walisali kwa siri majumbani, sauti chini. Jumuiya ambayo enzi za Kakungulu ilihesabiwa kwa maelfu ikafika watu kama 300.

Hapa sasa inaingia Tanzania, na inaingia Rungwe Mpya. Babu yangu upande wa mama alikuwa mgambo katika vita vya Kagera. Alipita Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala. Hadithi zake nyingi ni za matope na za viatu vilivyombana. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na redio ya Uganda ikatangaza siku hiyohiyo kwamba serikali ya Amin imekwisha. Nilipokuwa nafanya utafiti wa makala hii nikaitafuta tarehe ile kwenye kalenda ya Kiyahudi. Jioni ya Aprili 11, mwaka 1979, ndiyo ilikuwa usiku wa Pasaka yao. Usiku ule Wayahudi wote duniani wanakaa mezani na mikate isiyotiwa chachu, mtoto mdogo anauliza maswali, wakubwa wanamsimulia namna walivyotoka kwa Farao. Na Abayudaya wenyewe wanaisimulia hivyo hadi leo: Amin alianguka mkesha wa Pasaka.

Nilimpigia babu simu nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, sisi hatukujua kama kuna Wayahudi." Kisha akauliza kama bado wana shida ya chumvi kule. Inaelekea ndicho alichokikumbuka.

Baada ya vita hawakupewa kitu na mtu. Miaka ya 1980 ni vijana, wa umri wetu huu, waliokwenda kukaa pamoja juu ya kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, wakalima pamoja na kusoma pamoja ili ardhi ya jumuiya isipotee. Miongoni mwao walikuwa Gershom Sizomu na J.J. Keki. Hawakuwa na kitabu cha maana cha kujifunzia Kiebrania, walikuwa na wazee. Wakachukua zaburi kwa Kiganda wakazitia tuni za kwao, ngoma na magitaa. Huo muziki ulikuja kutolewa Marekani mwaka 2003 na Smithsonian Folkways, ukapendekezwa hadi kwenye tuzo za Grammy. Kwa hiyo ukisikia watu wa dunia wanausifu ujue ulitungwa na vijana wasio na umeme.

Wageni walianza kuwafikia kwa wingi miaka ya 1990. Februari 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walikuja wakaendesha ibada rasmi ya kuwaingiza mamia ya Abayudaya katika Uyahudi, wakizamishwa majini kwa kanuni. Wengine walikataa katakata. Walisema, sisi ni Wayahudi tangu 1919, mtu anaingizwaje nyumbani kwake? Wengi walikubali, wakalichukulia kama kuthibitisha. Sizomu akaenda kusomea urabi Los Angeles, akahitimu mwaka 2008 na kurudi. Hakubaki huko. Nalirudia hilo kwa ajili ya wale wenzetu wa bweni letu ambao fomu za viza wanazijua kuliko desa. Mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, na wapiga kura wake wengi walikuwa Waislamu na Wakristo.

Hawakumchagua kwa bahati. Pale Nabugoye na jirani kuna shule ya msingi Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu. Wanafunzi ni wa dini zote, wanakaa dawati moja, na mtoto wa Kiislamu haambiwi abadilike ili asome. Mbale mjini jumuiya ilifungua kituo cha afya, na malaria nayo haiulizi dini. Ijumaa jioni Sabato ikiingia, kwenye kilima kunaimbwa, na jirani akija anakaa. Ni lazima iwe hivyo. Katika kijiji ambacho kaka yako ni Mkatoliki na mjomba ni Mwislamu, utafungaje mlango wakati wa sikukuu? Utamfungia nani?

Kahawa nayo. J.J. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, pale pale penye maghorofa yale mawili, akayaona. Aliporudi akazunguka kwa majirani zake, Wayahudi, Wakristo, Waislamu, akawaambia tuuze kahawa pamoja. Mwaka 2004 ukazaliwa ushirika wa Mirembe Kawomera, kwa Kiganda ni amani tamu. (Najua, najua. Kwetu Tanzania ukisema Mirembe watu wanafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Waganda hawana habari na hilo, waacheni.) Wale wa Kalinzi mnaosoma hapa mnajua kazi ya kuuza kahawa ilivyo: mkulima mmoja na gunia lake bei anapangiwa. Sijui kama dini tatu kwenye ushirika mmoja zinaongeza amani kiasi gani, lakini zinaongeza magunia, na mwenye magunia mengi anasikilizwa.

Nisiwapambe sana. Wana magomvi yao. Kule Putti kuna kundi linalofuata njia ya Kiorthodoksi, ambalo halikuridhika na marabi wa 2002, na ibada zao haziendi sawa na za Nabugoye, ambako wanawake nao husoma Torati mbele ya watu. Mwaka 2016 lilifunguliwa sinagogi jipya Nabugoye, Stern, kubwa, la matofali, kwa msaada wa wafadhili wa Marekani. Ni zuri. Mimi naogopa kidogo vitu vya wafadhili, nimekulia wilaya yenye kambi ya Nyarugusu, najua gari jeupe likiondoka linaondoka na nini. Lakini hawa walikuwa wameshakaa miaka mingi bila gari jeupe hata moja, na hilo linanituliza.

Sasa nirudi kwa lile neno, feki. Mwaka huohuo wa 2016 Wakala wa Kiyahudi, chombo kinachoshughulika na Wayahudi wanaohamia Israeli, uliwatambua Abayudaya kuwa jumuiya ya Kiyahudi. Mwaka 2018 kundi la kwanza la vijana wao, kama 40, likapelekwa kutembelea Israeli, wakapiga picha, wakalia kwenye ule ukuta. Na mwaka huohuo wa 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ikamkatalia mmoja wao aliyeomba kuhamia, kwa hoja kwamba jumuiya yake haitambuliwi. Mkono huu karibu, mkono ule toka. Waingereza walimfanyia hivyohivyo Kakungulu.

Mimi jambo hili silisomi kama mgeni. Sisi Waha tunajua. Panda basi kutoka Kasulu kuja Dar, fika pale penye kizuizi, utaona. Wanaingia, wanatazama sura, wanasikiliza lafudhi, halafu: wewe, shuka. Unaitwa nani? Babu yako amezikwa wapi? Shule ya msingi umesoma wapi, mwalimu mkuu alikuwa nani? Mwaka wa kwanza mimi nilishushwa nikiwa na barua ya kujiunga na chuo mkononi, nikaambiwa nakala hata Warundi wanatoa. Sijawahi kusikia Mchaga akiulizwa kaburi la babu yake. Babu yangu huyuhuyu aliyevaa viatu vilivyombana mpaka Kampala, mtoto wa binti yake anatakiwa athibitishe kwamba si mtu wa kuja. Nilipowaambia wenzangu bwenini walicheka, kama lilivyocheka lile darasa.

Ndiyo maana neno feki lilinikaa kooni. Ukiuliza Myahudi wa kweli ni nani, watu wanatafuta damu, au cheti, au muhuri wa mtu aliyekaa mbali. Nabugoye wana vitu vingine: zaburi wanazozijua kwa Kiganda, kalenda waliyoitunza tangu Yusufu alipoondoka, majina ya watu waliosali gizani miaka minane. Leo wanakadiriwa kufika 2,000 hivi.

Nauli ya kwenda Mbale nimeulizia pale Ubungo. Unapita Nairobi, unavuka Malaba, Tororo, unafika. Bumu la muhula ujao likitoka kwa wakati, jambo ambalo sijawahi kuliona, nataka niende nikakae pale Ijumaa moja mpaka Jumamosi jioni. Yule jamaa wa semina nimemwambia twende wote. Amesema atafikiria, lakini kwanza nimlipe elfu tatu yake ya fotokopi.